Maksai Wawili wa Kushoto

Hapa kijijini Mwandoya unaweza kuficha mimba hadi mwezi wa sita, na unaweza kuficha kwamba mwanao kafukuzwa shule, lakini jambo la ng'ombe huwezi kulificha. Ng'ombe wako akikohoa asubuhi, mchana watu wanaulizana amekula nini. Ndiyo maana Jumatatu ile, mvua ya kwanza ya kupandia ilipokuwa imelowesha udongo mweusi wa mbuga na kila mwenye plau ameshaingia shambani, habari za maksai wa Scola zilifika senta kabla mwenyewe hajawafungua nira.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na tamu kwa msimuliaji: binti wa mzee Mboje amefundisha maksai wawili, na wote wawili ni wa kushoto.

Kwa asiyelima na ng'ombe, mambo ni hivi. Plau huvutwa na maksai wawili waliofungwa nira moja. Inapopita huacha mtaro, na udongo wake huutupa kulia. Mkizunguka kipande cha shamba mara ya pili, maksai wa kulia hutembea ndani ya ule mtaro wa mzunguko wa kwanza, na mwenzake wa kushoto hutembea juu, kwenye ardhi ambayo haijaguswa. Kila maksai ana upande wake tangu siku anayofundishwa hadi siku anayochinjwa. Kuwabadilisha ni sawa na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na hakuna mwenye akili zake anayejaribu.

Scola alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kukosea kwake hakukuanzia kwa maksai. Miaka miwili nyuma alikuwa Bariadi mjini, akifuga kuku nyuma ya nyumba ya kaka yake Fredrick, karani wa halmashauri. Kuku mia mbili walikufa ndani ya siku nne. Scola aliwafukia, akafunga mlango wa banda kwa waya, akapanda basi kurudi kwao. Watu walipomuuliza kilichowaua alijibu, "Mungu kapenda," na hakutaka kujua zaidi. Aibu ilimwambia akimbie, naye alikimbia kweli.

Nyumbani nako mambo hayakumsubiri yakiwa mazuri. Maksai aliyeitwa Katibu, wa kushoto, alikwama kwenye tope la lambo akafa. Mwezi wa nne pikipiki ilimgonga mzee Mboje ikamvunja paja. Mzee huyu alikuwa mfundishaji wa maksai ambaye watu walimfuata kutoka Kimali na mbali zaidi. Kwa miaka arobaini hakuna hata jozi moja aliyorudishiwa kwa ubovu, na hilo alilijua vizuri na hakuchoka kulikumbusha. Sasa alishinda barazani kwenye kiti cha mbao, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio mapajani. Zizini alibaki Diwani, maksai mzee wa kulia, mwenye tumbo la heshima na mwendo wa mtu anayesubiriwa mkutanoni. Pamoja naye walikuwa vijana wawili waliohasiwa ambao hawajawahi kuonja nira: Kombora, mwekundu, mkorofi, na Mpunga, mweupe, mwoga hata wa kivuli cha jogoo.

Mwezi wa nane Fredrick alikuja kumwona baba yao. Alikaa, akanywa uji, kisha akasema lililomleta.

"Ng'ombe hawa wapelekwe mnadani. Baba aje mjini, awe karibu na hospitali. Shamba tulikodishe. Na wewe Scola utakuja, utatafuta kazi."

Alisema kwa upole, bila hila, na hilo ndilo lililouma. Scola alimwona baba yake kwenye chumba cha mjini, akisikiliza mbuzi wa watu. Akajiona na yeye, akipita kila asubuhi mbele ya lile banda lililofungwa kwa waya.

"Nipe hadi mvua, kaka," akasema. "Nitawafundisha hawa wawili."

"Wewe?"

"Mimi."

Fredrick alimtazama kwa macho ya mtu aliyewahi kusaidia kufukia kuku. "Haya. Mvua ya kupandia ikinyesha, nahesabu siku saba. Nikija nikikuta wanalima, sigusi kitu. Nikikuta hawalimi, nimekuja na lori."

Mzee Mboje aliongeza sauti ya redio.

Basi Scola akaanza. Ng'ombe mgeni wa kazi hufungwa nira moja na mzoefu, ajifunze kwa kumfuata. Mzee Mboje siku zake alikuwa na wazoefu wawili: mgeni wa kushoto alimfunga na mzoefu wa kulia, na mgeni wa kulia na mzoefu wa kushoto. Scola alikuwa na Diwani peke yake. Asubuhi alimfunga na Kombora, jioni akamfunga na Mpunga, na kwa kuwa Diwani habanduki upande wake wa kulia hata kwa dawa, kila mwanafunzi alisimama kushoto. Walivuta gogo barabarani mpaka wakazoea uzito. Mwezi wa kumi walishuka kwenye bustani ya viazi bondeni, kwenye unyevunyevu, wakajifunza plau yenyewe. Shangazi Nyamizi, dada wa mzee Mboje, ndiye aliyeshika mikono ya plau, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, wanaume wa ukoo huu walikuwa wamebaki wa redio tu.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Kombora aliacha kupiga mateke. Mpunga aliacha kutetemeka. Siku moja mzee Mboje alimwita bintiye barazani.

"Mayu," akasema, yaani mama, kama alivyozoea kumwita.

"Naam, baba."

Mzee alimtazama Mpunga, aliyesimama kushoto kwa Diwani. Kisha akamtazama bintiye. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Kaza ile kamba," akasema mwishowe.

Scola alikwenda kuikaza kamba, akaikuta imekazwa vizuri.

Diwani na magoti yake ya uzee angeweza kumaliza bustani ya viazi, lakini ekari sita za mbuga zilikuwa za wenye magoti mazima. Kwa hiyo Jumatatu, mvua iliponyesha, Scola aliwafunga vijana wake wawili pamoja kwa mara ya kwanza. Kombora alimweka kushoto na Mpunga kulia. Aliposema "Twende!" waliondoka kama walivyofundishwa. Walizunguka kipande kizima bila kelele, udongo mweusi ukigeuka nyuma yao. Scola alimtazama baba yake kule barazani, akataka kupiga kigelegele.

Wakaingia mzunguko wa pili. Mpunga alifika ukingoni mwa mtaro, akasimama. Scola akamhimiza. Mpunga akaruka juu, akamsukuma mwenzake, nira ikapinda, Kombora akakumbuka tabia zake za zamani, na plau ikalala chali na shangazi Nyamizi kando yake.

"Yaya, yaya! Hapana!" shangazi akapiga kelele toka chini. "Hiyo haikubaliki! Wabadilishe!"

Wakawabadilisha. Kombora kulia, Mpunga kushoto. Kombora alifika kwenye mtaro ule ule, akakataa vile vile, ila yeye alikataa kwa pembe. Majirani waliokuwa wakilima ng'ambo ya mpaka walisimamisha ng'ombe wao ili wacheke vizuri.

Shangazi alijikung'uta tope. Alimtazama Kombora, akamtazama Mpunga, kisha akashika kiuno. "Scola! Hawa wote si ulikuwa unawafunga na Diwani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na Diwani ni wa kulia."

Scola aliona miezi mitatu ya asubuhi na jioni ikimpita mbele ya macho, na kila siku ng'ombe akiwa upande ule ule.

"Kosa moja haliachi mke," shangazi akasema, "lakini hili lako, mwanangu, lingekuwa la mke angeshafika kwao."

Mchana mtu mmoja alipita na baiskeli, akapunga mkono. "Mwadila, mwalimu wa kushoto!" Scola aliitikia salamu, maana salamu haikataliwi, kisha akaingia zizini akalia. Alilia kwa hasira, kamasi na yote, paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa Diwani. Diwani aliendelea kucheua.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Mmoja alisema wachapwe mpaka washike adabu. Mwingine alisema wafungwe kitambaa machoni. Wa tatu alisema awauze haraka kabla habari haijafika mnadani. Mzee Mboje, ambaye ndiye mjuzi hasa, alikula ugali wake kimya. Scola alikaa mbele yake akisubiri, akaona baba yake anatazama sahani kana kwamba imeandikwa kitu.

Jioni ile Scola alitamani basi. Aliijua ile hamu, ilikuwa ile ile ya Bariadi: funga mlango kwa waya, ondoka, sema Mungu kapenda. Alishaanza kupanga nguo kichwani, gauni lipi na lipi, pale swali moja dogo lilipomkatiza. Mbona mzunguko wa kwanza walikwenda?

Aliacha kupanga nguo. Mpunga alikuwa kulia kabisa katika mzunguko wa kwanza. Alitembea kulia, akageuka pembe nne akiwa kulia, na hakulalamika. Kama ni wa kushoto, mbona hakujua kwamba yuko kulia?

Jumanne watu wote walilima, isipokuwa Scola. Aliwafunga vijana wake nira, akaacha plau, akawafungia gogo la zamani na kuwapeleka barabarani. Mpunga kulia: wakaenda mpaka kwenye karavati na kurudi. Akawabadilisha, Kombora kulia: wakaenda na kurudi. Shangazi Nyamizi alikuwa amekuja na jembe la mkono begani, tayari kuanza kulima ekari sita kwa mgongo wake.

"Mvua inakauka na wewe unatembeza ng'ombe barabarani kama maharusi?"

"Shangazi, tazama. Upande hawaujali."

"Jana walijali."

"Jana walijali kitu kingine. Sijui nini."

Hiyo "sijui" ilimtoka kwa furaha, na shangazi alimgusa paji la uso aone kama ana homa.

Scola aliwafungua. Akamshika Mpunga kamba, peke yake, bila nira, akampeleka shambani kwenye mtaro wa jana. Safari hii hakumhimiza. Alichuchumaa mbele yake kama mtu anayesubiri kuku atage. Mpunga alisogea, akainamisha kichwa, akanusa ukingo. Akanyanyua mguu wa mbele, akaushikilia hewani, akaurudisha alikoutoa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Halafu akafanya jambo ambalo Scola alilikumbuka maisha yake yote: alisogea pembeni hatua mbili, akasimama sambamba na mtaro, juu, mahali pake, na kusubiri. Alikuwa amemwachia mtu nafasi.

"Diwani," Scola akasema kwa sauti. "Anamsubiri Diwani."

Alivua kandambili, akaingia mtaroni mwenyewe. Udongo ulikuwa baridi na laini, ukamshika hadi vifundoni. Akatembea. Aliona jinsi mguu unavyozama usipotegemea na jinsi ukingo unavyombana mtu ubavuni. Mnyama ambaye kwa wiki kadhaa za plau amemwona mzee mmoja tu akitembea humo, na yeye mwenyewe kila akiteleza kuelekea humo anasukumwa na bega la yule mzee, atajifunza nini? Atajifunza kwamba humo ni kwa mtu. Kushoto na kulia alikuwa hajafundishwa na yeyote. Alichofundishwa, na akakishika vizuri kuliko mwalimu wake, ni kwamba mtaro ni wa Diwani.

Kwa hiyo hakuwa mjinga. Scola alicheka, peke yake, katikati ya shamba, miguu kwenye tope. Mara ya mwisho kucheka kitu alichokikosea yeye mwenyewe hakuikumbuka.

Lakini kujua si kuponya. Jumatano alijaribu kumvuta Mpunga kwa kamba aingie, Mpunga akamvuta yeye atoke. Alitandika majani ya mahindi ndani ya mtaro, Mpunga akapiga magoti ukingoni akayala yote bila kushusha hata kwato moja. Kombora alivunja kamba akaenda kwa jirani. Jioni Scola alikaa juu ya plau iliyolala, siku tatu zimekwisha, na ekari sita zikiwa na mstari mmoja tu wa kuzunguka.

"Sasa hilo nalo limekufundisha nini?" shangazi aliuliza, naye hakuwa anatania sana.

"Kwamba hawezi kwenda mwenye mtaro akiwa hayupo."

Alipokwisha kusema hivyo, alilisikia jibu ndani ya maneno yake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alimtoa Diwani. Hakumfunga nira. Alimwingiza mtaroni, na mzee akaingia bila kuuliza, kama anayeingia ofisini kwake. Scola alimleta Mpunga nyuma yake, pua karibu na mkia. Diwani akaanza kutembea. Mpunga alisimama ukingoni, akalia, akamwona mzee anakwenda na kumwacha. Akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili. Halafu akaingia mzima mzima, masikio yamesimama, na akatembea nyuma ya Diwani mtaro mzima kama aliyeruhusiwa kuingia chumba cha wakubwa.

Shangazi Nyamizi aliweka jembe chini. "Mama yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuongeza kitu.

Walizunguka mara kumi siku ile. Ijumaa walizunguka tena, na kila baada ya mizunguko michache Scola alimsogeza Diwani mbele zaidi, hatua tano, hatua ishirini, mpaka Mpunga akawa anatembea mtaroni na mzee yuko mwisho wa shamba anakula majani. Kombora alimwacha kama alivyo, wa kushoto. Mmoja wa kushoto alikuwa anahitajika.

Ijumaa jioni ndipo alipopanda barazani, tope limemkaukia magotini, akazima redio ya baba yake. Katika nyumba ile redio ya mzee haikuwahi kuzimwa na mtu mwingine.

"Baba. Ulijua."

Mzee Mboje hakujifanya kutoelewa. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulipomfunga Mpunga jioni upande ule ule wa Kombora."

"Miezi mitatu, baba! Fredrick anakuja na lori. Ungesema neno moja tu!" Sauti ilimpanda, naye hakuishusha. "Ulitaka nishindwe?"

"Hapana." Mzee aliusogeza mguu juu ya ndoo, ukamuuma, akakunja uso. "Nilikuita siku ile nikwambie. Ulikuja, nikakutazama. Wewe tangu ukiwa mdogo nikikwambia usifanye hivi, unauliza kwa nini. Na mimi jibu la hiyo kwa nini sina."

Scola alikaa chini.

"Baba yangu aliniambia: huyu kulia, huyu kushoto, usichanganye. Sikuchanganya. Nikawafundisha watu: msichanganye. Wakaniita mjuzi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nikaona nitakwambia usichanganye, utaniuliza kwa nini, nitakwambia ndivyo ilivyo, utaniona sijui. Nikaona aibu. Nikasema kaza kamba."

"Kamba ilikuwa imekazwa."

"Nilijua imekazwa."

Mbuzi wa jirani walikuwa wanarudishwa nyumbani. Hasira ya Scola haikuisha, na hakutaka iishe upesi hivyo, kwa sababu ilikuwa halali yake. Lakini chini ya hasira aliona kitu ambacho hakutegemea kukiona kwa mzee Mboje: alikuwa amejivuta mbele kwenye kiti, shingo imemtoka, kama mtoto anayechungulia chungu.

"Sasa niambie," mzee akasema. "Kwa nini wanakataa?"

Scola akamwambia. Alimwambia habari ya gogo na barabara, ya mguu uliobaki hewani, ya Mpunga kusogea na kumwachia Diwani nafasi. Mzee alimkatiza mara nyingi. Alinusa wapi, ukingoni au ndani? Mguu upi? Alipofika pale Mpunga alipomsubiri Diwani, mzee alipiga paja, kwa bahati nzuri lile zima.

"Miaka arobaini," akasema. "Miaka arobaini sikukosea hata mara moja. Ndiyo maana sikujua."

Jumamosi waliwafunga nira, Kombora kushoto, Mpunga kulia, na plau nyuma. Ilikuwa kazi ya aibu aibu. Kwenye kona Mpunga alitoka mtaroni mara sita, na mara mbili shangazi alilala tena na plau, akatoa maneno ambayo kesho yake ilibidi ayapeleke kwa padri. Lakini walilima. Mistari yao ilipinda vibaya, ila ilikuwa mistari.

Jumapili baada ya misa lori lilisimama kwenye njia ya nyumba. Fredrick alishuka akiwa na suruali iliyonyooshwa kwa pasi na viatu vyeusi, kamba mpya mbili zimening'inia mkononi. Alimsalimu baba yake, akatazama shambani. Dada yake alikuwa huko tayari, na shangazi nyuma ya plau, akinung'unika kwamba Mungu atamsamehe kwa Jumapili hii moja.

"Anza," Fredrick alisema, akiwa amesimama mwanzo wa shamba. Hakuwa mkali. Alionekana kama anayeogopa atakachokiona.

"Twende!" Scola akaita.

Walikwenda. Walipokaribia mtaro, Mpunga akasimama. Akainamisha kichwa, akanusa. Mguu wa mbele ukanyanyuka, ukabaki hewani.

Dereva wa lori alicheka. Fredrick alibadilisha kamba mkono. "Scola," akasema taratibu, "mchape basi."

Scola hakuwa na fimbo. Ekari sita, kiti cha baba yake barazani, na yeye mwenyewe, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye ule mguu, naye alijua kwamba akimhimiza sasa utarudi ulikotoka. Alisubiri. Alijua ng'ombe anauliza nini, na alijua anachohitaji ni muda wa kuona kwamba mwenye mtaro hayupo.

Mguu ukashuka mtaroni. Wa pili ukafuata. Nira ikakaa sawa, mnyororo ukakaza, na udongo ukaanza kugeuka. Walizunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kona Mpunga alitoka mara moja, akarudi mwenyewe.

Fredrick alirudi barazani, akaziweka kamba sakafuni polepole. Kisha akamgeukia mjuzi wa maksai, kama ambavyo watu wa Mwandoya wote wangefanya.

"Baba, mbona kabla ya kuingia alisimama akanusa? Na mbona akaingia bila kuchapwa?"

Mzee Mboje alikuwa na jibu, maana alishaambiwa. Angeweza kulitoa na lingekuwa lake, kama majibu mengine yote ya miaka arobaini.

"Hilo mimi silijui," akasema. "Muulize aliyekosea."

Fredrick alimtazama baba yake aone kama anatania. Halafu akashuka barazani, akakatisha shamba mpaka alipokuwa dada yake, viatu vikibeba tope kila hatua. Scola aliwasimamisha ng'ombe.

"Niambie," Fredrick akasema.

"Nitakwambia. Kwanza na mimi nikuulize. Lile banda la kuku bado lipo?"

"Lipo. Ulilifunga kwa waya, nani angelifungua?"

"Usilibomoe. Nitakuja kulitazama."

"Kutazama nini? Kuku si walikufa?"

"Hicho hicho kilichowaua," Scola akasema. "Sasa vua viatu, uingie humu mtaroni."

Karani wa halmashauri aliangalia viatu vyake, akaangalia lori lililokuwa linamsubiri tupu barabarani, akainama kufungua kamba za viatu.